Mtoto Aliyeitwa Mwongo

Wengi waliopita sekondari wanaikumbuka riwaya ya Kiingereza iitwayo Jane Eyre kwa sababu ya mapenzi ya Jane na tajiri Rochester. Leo tumtazame Jane kabla ya hayo, akiwa yatima wa miaka 10.

Jane analelewa kwa shingo upande na Bibi Reed, mjane wa mjomba wake. John, kijana wa nyumba hiyo mwenye miaka 14, anampiga kwa kitabu. Jane anapambana naye, na ni Jane anayefungiwa chumbani peke yake. Baadaye anakuja Bwana Brocklehurst, msimamizi wa shule ya bweni ya Lowood, kumhoji. Anamwuliza afanye nini ili asiende motoni. Jane anajibu kwamba itabidi atunze afya yake asife. Hafanyi mzaha. Ndiyo tabia yake ya kwanza: hasemi jambo ili kumfurahisha mkubwa.

Bibi Reed anamwambia mgeni kuwa mtoto huyu ni mwongo. Basi huko Lowood, ambako uji huja umeungua na wasichana hulala na njaa, Brocklehurst anamsimamisha Jane juu ya stuli na kumtangaza mwongo mbele ya shule nzima.

Rafiki yake, Helen Burns, anamfundisha kuzuia hasira. Kwa hiyo mwalimu mkuu, Miss Temple, anapomtaka ajitetee, Jane anasimulia taratibu bila kutia chumvi. Mwalimu anamwandikia barua tabibu aliyewahi kumtibu Jane. Jibu linathibitisha maneno ya mtoto, naye anasafishwa hadharani. Hasira ilimpa Jane ujasiri wa kusema; utulivu ukafanya aaminike.

Nyuma ya hadithi hii kuna makaburi. Mwandishi wake, Charlotte Brontë, aliyezaliwa mwaka 1816, alikuwa binti wa kasisi. Mwaka 1824 baba yake aliwapeleka mabinti wanne katika shule ya bweni ya watoto wa makasisi huko Cowan Bridge, kaskazini mwa Uingereza. Wakubwa wawili walirudishwa nyumbani wakiugua kifua kikuu. Maria alifariki Mei 1825 akiwa na miaka 11. Elizabeth akamfuata Juni, akiwa na miaka 10. Charlotte alikuwa na miaka 9. Helen Burns, anayefia Lowood kwa ugonjwa huo huo, ni Maria.

Charlotte alisubiri miaka 22. Riwaya ilitoka Oktoba 1847 kwa jina la bandia, Currer Bell. Mwaka uliofuata jarida la Quarterly Review la London liliishutumu kuwa kinyume cha Ukristo. Mwaka 1857, Charlotte akiwa tayari amekufa, Elizabeth Gaskell aliandika maisha yake na kuitaja shule ile waziwazi. Watetezi wa shule wakajibu kwa ukali magazetini.

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mtoto akirudi likizo akasema shuleni anaonewa au chakula hakiliki, mara nyingi tunampima adabu kabla ya kupima maneno yake. Miss Temple hakumwamini Jane kwa huruma, wala hakumkemea. Aliuliza, akasikiliza, kisha akachunguza. Ilimgharimu barua moja tu.