Njia ya Wapagazi na Mlango wa Darasa

Mzazi anayempeleka mtoto kuandikishwa darasa la kwanza huulizwa mambo ambayo wengi huyaona ni usumbufu. Huulizwa umri wa mtoto, na mara nyingi huulizwa pia kadi yake ya kliniki. Masomo yakianza, huambiwa kwamba mtoto mwenye surua au tetekuwanga abaki nyumbani mpaka apone. Nimewasikia wazazi wakinung'unika kwamba kazi ya mwalimu ni kufundisha kusoma na kuhesabu. Mambo ya magonjwa awaachie waganga. Sisi watu wa Tabora hatupaswi kusema hivyo, kwa maana historia ya mji wetu inatufundisha vingine.

Tabora ni mji uliozaliwa na njia. Kabla reli ya kati haijatufikia mwaka 1912, mizigo mingi ilipita mabegani mwa watu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walishuka pwani na pembe za ndovu, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Katika njia hiyo hiyo walipita pia watumwa, ambao hawakuichagua safari. Wazungu wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani Juni 1857, na walipoingia Kazeh, karibu na mji wa leo, ulikuwa mwezi wa Novemba. Hapa njia iligawanyika: moja ilielekea Ujiji, nyingine ilipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Watu wa pande zote walikutana hapa, wakalala pamoja na kuchota maji mahali pamoja.

Palipokutana watu, magonjwa nayo yalikutana. Burton aliandika kwamba ndui ilikuwa ya hatari kuliko maradhi yote ya kuambukiza aliyoyasikia katika nchi hizi. Miaka michache baadaye daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja, alichunguza kipindupindu kilichoingia kisiwani mwaka 1869. Aliwahoji wafanya biashara na wasafiri mmoja mmoja, na katika kitabu chake cha mwaka 1876 alionyesha kuwa ugonjwa ulifuata njia zile zile za misafara. Aliyetaka kujua maradhi yatapita wapi, aliulize soko.

Msafara haukuwa na hospitali. Chakula kilikuwa cha kuhesabu, na kituo kinachofuata kilikuwa mbali. Mpagazi aliyepatwa na ndui akashindwa kutembea, mara nyingi aliachwa kando ya njia. Siwezi kuwahukumu wenzake kwa urahisi. Kinga waliyoitegemea mara nyingi ilikuwa kumkimbia mgonjwa. Lakini aliyeachwa porini peke yake, akisikia sauti za wenzake zikififia, aliilipia kinga hiyo kwa maisha yake.

Dawa ya kukinga ndui ilikuwa imekwisha kupatikana Uingereza tangu mwaka 1796, kwa kazi ya Edward Jenner. Ilichukua muda mrefu mno kumfikia kila mtoto wa bara, kwa sababu chanjo iliharibika kwa joto na vijiji vilikuwa mbali. Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilianza kampeni kubwa ya kuifuta ndui kabisa. Sasa ilikuwapo chanjo iliyokaushwa, iliyostahimili joto, na baadaye kidogo ikaja sindano ndogo yenye ncha mbili. Mimi ni miongoni mwa watoto waliopangwa mstari chini ya mwembe siku zile, mkono wa shati umekunjwa, tukitazamana nani atalia kwanza. Kovu lipo hadi leo.

Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya asili alikuwa jirani yetu wa pwani ya Somalia. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merca. Oktoba 1977 alipanda gari lililobeba watoto wawili wagonjwa ili amwonyeshe dereva njia. Alikuwa amekwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Aliugua, akatengwa, akatunzwa, akapona. Miaka mingi baadaye alizunguka kuwashawishi wazazi wakubali chanjo ya polio, akiwasimulia yaliyompata. Alifariki mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo.

Mwaka 1980 dunia ilitangaziwa kwamba ndui imekwisha. Wajukuu zetu hawana kovu lile, na hapo ndipo penye hatari. Kinga ikifanikiwa, hufuta ushahidi wa kazi yake. Asiyeona mgonjwa huanza kuuliza sindano ni ya nini.

Darasa ni kambi ya msafara ya siku hizi. Watoto wa kila mtaa hubanana dawati moja, hupokezana kikombe, kisha jioni kila mmoja hurudi kwao na alichookota. Ndiyo maana kampeni ya chanjo ya surua na rubella ya mwaka 2014, na ile ya kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi iliyoanza mwaka 2018, ziliwafuata watoto mashuleni.

Lakini kumtenga mgonjwa si kumtupa. Mama anayeuza karanga stendi, asiye na wa kumwachia mtoto, atamleta shuleni akiwa na homa na kuificha kwa sweta. Huyo hahitaji karipio tu, anahitaji jirani. Mtoto aliyerudishwa nyumbani anahitaji mwalimu wa kuulizia hali yake, na mwenzake wa kumpelekea daftari, asije akajiona ameachwa njiani. Shule nayo ikitaka watoto wanawe mikono, iweke maji. Kumhubiria mtoto usafi mbele ya bomba kavu ni kumfundisha kukariri maneno.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Babu zetu wapagazi waliijua hatari, ila tahadhari yao iliwalazimu kumwacha ndugu porini. Sisi tumepata tahadhari isiyodai hivyo. Inadai kadi ya kliniki, ndoo ya maji, na siku chache za kukaa nyumbani.