Kabla Macho Hayajafumbuka: Mchochota wa Kiwambo cha Jicho kwa Sungura Wachanga

Mlango hufunguka, ua huchanua, jicho hufumbuka. Kiswahili kimelitengea jicho kitenzi chake, na kwa mfugaji wa sungura kitenzi hicho ni kalenda. Mtoto wa sungura huzaliwa uchi, hasikii, na macho yamefumbwa. Macho hayo hufumbuka yenyewe kati ya siku ya 10 na ya 12. Siku ya 12 ikipita kope zikiwa bado zimeshikana, au zikiwa zimetuna na pembeni pameganda kitu cha manjano, mtoto huyo hakufumba macho tu. Anaumwa.

Huko Punia, kaskazini mwa Maniema, aliyesoma ataita ugonjwa huo konjonktivite, maana shule na hospitali za Kongo zimesema Kifaransa tangu ukoloni. Jirani yake atasema tu kwamba kitoto kinaumwa macho. Wa tatu atakigeuza kiganjani, aone kope hazikuachana, na aseme kimezaliwa kipofu. Huyo wa tatu ndiye anayenihuzunisha, kwa sababu neno kipofu linafunga shauri. Kipofu hatibiwi, na kitoto kitatupwa kichakani ilhali nyuma ya kope zake kuna jicho zima linalosubiri kuoshwa. Ndiyo sababu nataka tulichambue jina la ugonjwa huu kwa Kiswahili, mchochota wa kiwambo cha jicho, neno kwa neno.

Tuanze na kiwambo. Neno la kitaalamu walilonalo Wafaransa na Waingereza limetoka Kilatini, nalo maana yake ni utando unaounganisha. Walioliunda walitazama kazi: utando huo mwembamba umeshika upande wa ndani wa kope, unapinda, kisha unatambaa juu ya weupe wa jicho, na hivyo kuunganisha kope na jicho. Kiswahili kilitazama umbo. Kiwambo kinatokana na kuwamba, kazi ya fundi anayetandaza ngozi juu ya mzinga wa ngoma mpaka ikakaa sawasawa. Kitu chochote kilichotandazwa hivyo juu ya kingine ni kiwambo. Wanabiolojia wa Kiswahili walilichukua neno hilo, wakaliunganisha na ute, wakapata kiwamboute: utando laini wenye majimaji kama ule wa ndani ya pua na mdomo. Kiwambo cha jicho ni cha ukoo huo. Msikilizaji ambaye hajawahi kukiona kitu chenyewe hupata picha ya ngozi nyembamba iliyotandazwa juu ya jicho, na picha hiyo ni ya kweli.

Sasa mchochota. Kuchochota ni kuwasha kwa maumivu ya kuungua, kama kidonda kinavyofanya kikimwagiwa chumvi. Kutokana na kitenzi hicho tumepata jina la hali ambayo sehemu ya mwili inakuwa nyekundu, inapata joto, inavimba na kuuma. Wengine husema uvimbe wa kiwambo cha jicho. Neno uvimbe ni jepesi kulielewa, lakini lina kasoro: linataja dalili moja tu kati ya nne, na hilohilo tunalitumia kwa donge linaloota tumboni au shingoni. Mtu akiambiwa mnyama wake ana uvimbe wa jicho, anaweza kuwazia kisu. Mchochota unamwambia kwamba kuna kitu kinawasha na kuunguza, na swali linalofuata linakuja lenyewe: ni kitu gani?

Swali hilo ndilo faida kubwa ya istilahi hii. Mchochota na maambukizi ni vitu viwili. Maambukizi ni vijidudu kuingia na kuzaliana. Mchochota ni jibu la mwili, na mwili unaweza kujibu hivyo pasipo kijidudu chochote. Mkojo wa sungura ukituama kwenye nyasi za kizimba, unatoa hewa kali ya amonia inayokuchoma puani ukiinama. Sungura anaishi ndani ya hewa hiyo usiku na mchana, na macho yake yanachochotwa nayo. Vumbi la nyasi kavu na moshi wa jikoni hufanya vivyo hivyo. Mfugaji anayefikiri kwamba kila jicho jekundu lina vijidudu atanunua dawa, atapaka, ataona nafuu siku mbili, kisha ugonjwa utarudi, kwa sababu nyasi hazijabadilishwa.

Kuna majina mengine ya macho ambayo yasichanganywe na hili. Mtoto wa jicho si ugonjwa wa macho ya watoto. Ni lenzi ya ndani ya jicho kupata ukungu, na mara nyingi humpata mzee. Vikope ni trakoma, ugonjwa wa binadamu unaokwaruza kope kwa ndani hadi nywele zake zigeuke na kuchoma jicho. Upofu unaoletwa na usubi, wale inzi wadogo wa kando ya mito yenye maji ya kasi, unatokana na minyoo na unajulikana vyema katika mabonde ya Kongo. Chamba cha jicho ni kovu jeupe juu ya kioo cha jicho. Hilo la mwisho linahusika na habari yetu, lakini kama matokeo: mchochota wenye usaha ukiachwa bila kutibiwa unaweza kuacha chamba, na chamba kikifunika mboni, upofu unakuwa wa kweli.

Watu hubuni majina ya magonjwa kwa njia nyingi. Mwaka 1969 mchochota wa kiwambo cha jicho ulilipuka Ghana kwa binadamu, wakati ambapo dunia nzima ilikuwa ikizungumzia chombo cha Apollo kilichofika mwezini. Watu wakauita Apollo, na jina likasafiri na ugonjwa katika nchi za Afrika Magharibi na Kati. Januari 2024 ulipoenea Dar es Salaam, watu waliuita ugonjwa wa macho mekundu. Apollo linakumbusha mwaka, macho mekundu linataja rangi. Lakini kwa kitoto cha sungura cha siku nane rangi haikusaidii, kwa kuwa jicho limefunikwa na huwezi kuona wekundu wowote. Linalosaidia ni kujua kwamba nyuma ya kope kuna kiwambo, na kwamba kiwambo kinaweza kuchochotwa kabla mwanga haujakifikia.

Hapa ndipo neno wachanga linapoingia, na historia yake inaanzia kwa watoto wa watu. Mwaka 1881 daktari Carl Credé wa Leipzig, Ujerumani, alitangaza matokeo ya jambo dogo alilolifanya katika wodi yake ya wazazi: kila mtoto aliyezaliwa alioshwa macho na kutiwa tone la maji ya nitrati ya fedha. Kabla ya hapo, kama mtoto 1 kati ya 10 alipata usaha wa macho. Baadaye idadi ilishuka chini ya 1 kati ya 100. Vijidudu vilitoka kwenye njia ya uzazi ya mama. Siku hizi wakunga wa nchi nyingi hupaka pomadi ya tetrasiklini ya asilimia 1 badala ya fedha, ila wazo ni lilelile: mchanga hulindwa kabla hajaugua.

Kwa sungura tofauti ni moja, nayo ni nzito. Kope za mtoto wa binadamu huwa zimeachana anapozaliwa, kwa hiyo usaha unatoka na mama anauona. Kope za kitoto cha sungura zimeshikana, na nyuma yake pana mfuko uliofungwa. Kijidudu kikiingia humo, mara nyingi stafilokoka na pengine pasturela, usaha unajaa na kulisukuma jicho, na hauna pa kutokea. Stafilokoka huishi juu ya ngozi. Inaweza kutoka kwa mama mwenye mchochota wa kiwele au vidonda vya nyayo, inaweza kutoka kwenye sanduku la kuzalia ambalo halikusafishwa baada ya uzao uliopita, na inaweza kutoka kwenye mikono yetu. Katika msitu wa Punia, ulio karibu na ikweta na wenye mvua karibu mwaka mzima, nyasi za sanduku hukawia kukauka, na unyevu ni rafiki wa vijidudu.

Basi ulinzi unaanza kabla ya siku ya kuzaa. Sungura hubeba mimba siku 31. Siku ya 28 sanduku lililosuguliwa kwa maji na sabuni, likaanikwa juani hadi likauke kabisa, linawekwa ndani na nyasi kavu zisizo na vumbi. Mama atang'oa manyoya yake mwenyewe na kuyatandika. Manyoya hayo ni blanketi la watoto. Yaliyolowa tu ndiyo yatolewe. Mama hunyonyesha mara moja kwa siku, kwa dakika chache, kisha huondoka. Mfugaji akitumia muda huo wa utulivu kuchungulia sanduku, kunawa mikono, kuhesabu watoto na kutoa nyasi zenye mkojo, amefanya nusu ya kazi ya tiba.

Kuanzia siku ya 10 kila kitoto kitazamwe usoni. Kope zikianza kuachana kwa mstari mwembamba safi, mambo ni sawa. Zikiwa zimegandishwa na tongotongo kavu, chemsha maji nusu lita, tia kijiko kidogo cha chumvi kisichojaa kupita ukingo, uyaache yapoe mpaka yawe ya vuguvugu. Chovya pamba au kitambaa kilichochemshwa, ukiweke juu ya jicho dakika kadhaa hadi ganda lilainike. Usilibandue likiwa kavu, kwa maana utachana kope. Likishalainika, futa taratibu kutoka pembe ya puani kwenda nje, na kope zitaachana kwa shinikizo dogo la vidole. Usaha ukitoka, osha tena mpaka maji yawe safi. Kila jicho lipate pamba yake, na kila kitoto maji yake. Kitoto ambacho jicho limetuna sana kabla ya siku ya 10 kipelekwe kwa munganga wa nyama, yaani daktari wa mifugo. Wembe wa nyumbani usilikaribie jicho.

Baada ya kuosha hupakwa pomadi ya macho ya tetrasiklini, kiasi cha punje ya mchele, mara mbili au tatu kwa siku, kwa siku 5 hadi 7. Isizidi, kwa sababu kitoto hujipangusa uso kwa miguu na kuramba. Dukani soma jina lililo kwenye boksi. Pomadi zenye deksamethasoni au haidrokotisoni hupunguza wekundu haraka na kumfurahisha mwenye mnyama, lakini kama kioo cha jicho kina kidonda, zinakifanya kizidi kuharibika. Kloramfenikoli imekatazwa katika nchi nyingi kwa wanyama wa kuliwa, kwa ajili ya usalama wa mlaji. Zaidi ya yote, vidonge au maji ya penisilini, ampisilini na amoksisilini visipewe sungura kwa mdomo. Dawa hizo, zinazookoa watoto wetu, huua vijidudu vyema vya tumbo la sungura, na mnyama hufa kwa kuhara akiwa na macho mazuri.

Itatokea pia kwamba jicho limechelewa na chamba kimebaki. Hata hapo neno kipofu lisiwe hukumu. Kila sungura ameanza maisha bila kuona: kitoto hupata chuchu kwa kunusa. Mwaka 2003 watafiti wa Dijon, Ufaransa, walitambua kemikali iliyomo ndani ya maziwa ya sungura ambayo ndiyo humwita kitoto kushika chuchu. Kitoto chenye chongo, au kisichoona kabisa, kinaweza kukua kikila matembele kama wenzake, ilimradi chombo cha maji na cha chakula kisihamishwe mahali pake.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kiswahili cha Maniema, kilichopita Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, sasa kimo katika nyumba moja na kile cha Dar es Salaam na Zanzibar. Sioni haja ya kumkataza mtu wa Punia kusema konjonktivite. Neno hilo litamsaidia akiwa mbele ya daktari aliyesoma Kinshasa, na litamsaidia akisoma karatasi ya dawa. Ombi langu ni kwamba awe na la pili, analoweza kumfundishia mwanawe akiinama juu ya sanduku. Aseme mchochota, ili mtoto aulize kinachochochota. Aseme kiwambo, ili ajue mahali pa kuosha. Aseme wachanga, ili ahesabu siku. Aliyehesabu siku vizuri, asubuhi ya siku ya 12 ataingiza mkono uliooshwa katika manyoya ya joto, atakitoa kitoto kimoja kimoja, na neno kufumbuka litamtosha.