Siku Saba za Puteoli

Pwani ya Italia inayozunguka ghuba ya Napoli imesifiwa kwa uzuri wake tangu kale. Matajiri wa Roma walijenga majumba ya mapumziko huko Baiae. Jirani yake palikuwa na Puteoli, leo Pozzuoli, bandari ambako merikebu za Iskanderia zilishusha ngano ya kuilisha Roma.

Puteoli ilijulikana pia kwa majivu ya volkano. Yakichanganywa na chokaa, huwa zege linaloganda hata ndani ya maji ya bahari. Mfalme Herode aliyaagiza majivu ya pwani hiyo alipojenga bandari ya Kaisaria, mji ambao baadaye Mtume Paulo alifungwa miaka miwili. Kutoka Kaisaria alisafirishwa kwenda kwa Kaisari. Akavunjikiwa na merikebu Malta, akapita Sirakusa na Regio, na mnamo mwaka 60 akashuka Puteoli.

Matendo 28:14 yatueleza kwamba alikuta ndugu huko, wakamsihi akae nao siku saba. Luka hataji majina yao, wala mtume aliyewatangulia kuwahubiria. Bandarini hupita mabaharia, wachuuzi na watumwa. Yaelekea Injili iliingia mjini pamoja na watu wa namna hiyo. Nao walimpokea mfungwa aliye chini ya ulinzi wa akida Yulio na askari wake. Kumkaribisha mtu mwenye kesi mbele ya Kaisari ni kujionyesha kwa serikali. Hawakujificha.

Ardhi ya Pozzuoli hupanda na kushuka kwa nguvu za volkano. Kati ya 1982 na 1984 ilipanda zaidi ya meta moja na nusu. Nguzo tatu za marumaru za soko la kale zina matundu yaliyotobolewa na viumbe wa baharini, ishara kwamba ziliwahi kuzama. Sehemu kubwa ya Baiae ya matajiri iko chini ya maji mpaka leo, na ukarimu wa wale wasio na majina tungali tunausoma kanisani.

Basi tujiulize, wapendwa. Mtu atokaye gerezani anapoketi benchi la nyuma Jumapili, nani kati yetu humwalika nyumbani? Wengi wetu humsalimia kwa mbali, tukingoja kuona mwenendo wake. Ndugu wa Puteoli hawakungoja hukumu ya Kaisari ndipo wamwite Paulo ndugu.