Ngozi ya Punda na Dawa ya Kutuliza Mimba: Dodoma na Shandong

Historia ya tiba ya Kichina katika nyanda za kati za Tanzania huandikwa kwa kawaida kama historia ya watu, yaani madaktari wa jimbo la Shandong ambao tangu mwaka 1968 wamekuwa wakija kwa zamu katika hospitali za Tanzania Bara, Dodoma ikiwa mojawapo ya vituo vyao pamoja na Dar es Salaam, Tabora na Musoma. Historia hiyo ni ya kweli lakini haitoshi, kwa kuwa kati ya Uchina na Ugogo, yaani nchi ya Wagogo inayoizunguka Dodoma, vimepita pia vitu viwili, kimoja kikija na kingine kikiondoka, na vyote viwili vinamhusu mwanamke mjamzito. Kilichokuja ni dawa ya malaria iliyotokana na pakanga ya Kichina. Kilichoondoka ni ngozi ya punda, malighafi ya dawa ambayo waganga wa Uchina wameitumia kwa karne nyingi kuzuia mimba isitoke. Dawa hii ya pili, ambayo kwa umri na kwa heshima inaizidi ile ya kwanza katika tiba ya ujauzito, haikupata nafasi katika kliniki za wajawazito za Dodoma, wala hakuna aliyeonekana kuitafuta huko. Ugogo ulitoa mnyama tu.

Ili kuelewa jinsi ngozi ya mnyama wa mizigo ilivyofikia hadhi ya dawa ya uzazi, ni lazima kurejea katika fikra za waganga wa kale wa Uchina kuhusu mimba. Kwa mtazamo wao kijusi hushikiliwa na damu na nguvu ya uhai ya mama, nguvu wanayoiita qi, na hulindwa na njia mbili za mwilini zinazoitwa Chong na Ren, ambazo hutawala hedhi na uzazi. Chong hupewa hata jina la bahari ya damu. Damu ikipungua au njia hizo zikidhoofika, mimba hukosa pa kushika, na hapo ndipo mjamzito huona matone ya damu, hali waliyoiita mimba kuvuja, au huhisi maumivu ya tumbo na kiuno pamoja na mtoto kuhangaika, hali waliyoiita mimba kutotulia. Hali hizi mbili ndizo ambazo wauguzi wa leo nchini Tanzania huzieleza kwa maneno ya mimba kutishia kutoka, na tiba yake kwa Kichina huitwa antai, maana yake kutuliza mimba. Kitabu kikongwe cha dawa kinachohusishwa na mfalme wa hadithi Shennong, kilichokusanywa zama za utawala wa Han, tayari kinaitaja gundi ya ngozi, ejiao, kuwa huzuia damu ya wanawake na kutuliza mimba. Tabibu Zhang Zhongjing, aliyeishi mwishoni mwa zama hizo, kati ya karne ya 2 na ya 3, alitenga sura nzima ya kitabu chake kwa maradhi ya ujauzito, na humo akaacha mchanganyiko wa dawa saba ambao jina lake linatokana na mbili kati yake, ejiao na majani ya ai, jamii ya pakanga, zikisaidiwa na mizizi kama danggui na urukususi, ule mzizi mtamu unaojulikana hata katika maduka ya dawa za asili ya pwani ya Afrika Mashariki. Karne nyingi baadaye, Zhang Xichun (1860–1933) alitunga kidonge kingine cha kurefusha maisha ya kijusi, na ejiao ikabaki humo.

Gundi hiyo hutengenezwa kwa kuloweka ngozi, kuikwangua manyoya, kuichemsha kwa muda mrefu hadi itoe utomvu mzito, kisha kuukausha na kuukata vipande vyeusi vinavyong'aa ambavyo mgonjwa huviyeyusha katika dawa ya moto au katika pombe ya nafaka. Jina lake linatokana na Dong'e, wilaya ya Shandong ambayo maji ya visima vyake yalisifiwa kuwa ndiyo yanayoipa gundi ubora. Inafaa kukumbukwa kwamba hapo mwanzo ngozi iliyotumika sana ilikuwa ya ng'ombe, na ya punda ilishika nafasi yake polepole kuanzia zama za Tang na Song. Kwa hiyo anayedai kwamba dawa hii haiwezi kuwapo bila punda anapingana na historia ya dawa yenyewe. Kuhusu uwezo wake, mapitio ya utafiti yaliyochapishwa na mtandao wa Cochrane mwaka 2012 kuhusu dawa za mitishamba za Kichina kwa mimba zinazotishia kutoka yalikuta kwamba zinapotumiwa pamoja na dawa za kisasa zilionekana kusaidia zaidi ya dawa za kisasa peke yake, ila tafiti zenyewe zilikuwa dhaifu kiasi kwamba hakuna hitimisho thabiti linaloweza kujengwa juu yake.

Madaktari wa Shandong waliofika Tanzania Bara mwaka 1968 walitoka katika nchi ambayo miaka mitatu kabla ilikuwa imeamriwa na Mao Zedong kupeleka nguvu za tiba vijijini, na walifika katika nchi iliyokuwa na Azimio la Arusha la mwaka mmoja tu. Dodoma ilikuwa mahali palipostahili wito huo wa kupeleka tiba vijijini. Ni nchi kavu, yenye msimu mmoja wa mvua kati ya Desemba na Aprili na mvua isiyozidi sana milimita 600 kwa mwaka. Ni nchi ambayo njaa zake zina majina, mojawapo ikiwa Mtunya, njaa kuu iliyofuatia Vita vya Kwanza vya Dunia, na ambayo watu wake, kama alivyoandika Mathias Mnyampala katika historia yake ya Wagogo iliyotoka mwaka 1954, walikuwa wakiishi kwa mifugo na mtama katika makazi yaliyotawanyika. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ilikusanya makazi hayo katika vijiji, na mwaka 1973 ikaamuliwa mji huo uwe makao makuu ya nchi.

Hata hivyo, walichokileta madaktari hao hakikuwa kabati la mitishamba. Walikuwa wapasuaji, wataalamu wa magonjwa ya ndani na wa magonjwa ya wanawake, waliofanya kazi kwa vifaa na dawa za hospitali kama wenzao wa Tanzania, na upekee wao ulionekana zaidi katika tiba ya sindano, yaani kuchoma sindano nyembamba katika sehemu maalumu za mwili. Mwanaanthropolojia Elisabeth Hsu, aliyechunguza tiba ya Kichina nchini Tanzania, ametofautisha timu hizi za serikali na kliniki binafsi zilizochipuka Dar es Salaam kuanzia miaka ya 1990, ambazo ziliuza dawa za Kichina zilizofungwa viwandani na kusifiwa na wateja kuwa zinafanya kazi haraka. Mjamzito wa Ugogo aliyeona damu alikuwa na njia zake: wanawake wazee wa ukoo, mkunga wa jadi, mganga, na hospitali, iwe ya serikali mjini au ya misheni kama ile ya Mvumi. Nchi nayo ilikuwa ikishughulikia mitishamba yake yenyewe. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa za asili, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ikaunda baraza la kuwasajili waganga na kuiweka tiba ya Kichina katika fungu la tiba mbadala.

Mmea wa Kichina uliobadilisha kweli hali ya wajawazito wa Dodoma uliingia kwa mlango mwingine kabisa. Uwanda wa kati hauna malaria nyingi kama mwambao au kandokando ya Ziwa Viktoria, lakini uchache huo una hatari yake, kwa sababu mwanamke ambaye hakuumwa mara nyingi utotoni hukosa kinga, na akiambukizwa akiwa mjamzito huweza kupungukiwa damu haraka, kuharibikiwa mimba au kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Katika karne ya 4, Ge Hong, mwandishi wa kitabu cha tiba za dharura, alielekeza kwamba mwenye homa za vipindi aloweke konzi ya majani ya qinghao, yaani pakanga ya Kichina, katika maji, ayakamue na kunywa maji yake; maelekezo hayo ndiyo yaliyomfungua macho Tu Youyou, aliyekuwa katika mradi wa siri wa kijeshi ulioanzishwa mwaka 1967, akatambua kwamba mmea huo hauhitaji kuchemshwa, na mwaka 1972 kundi lake likapata kiini chake, atemisinini. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalijua jina la pakanga kama jina la nyota inayotia maji uchungu katika kitabu cha Ufunuo, na uchungu huo huo ndio ulioingia katika vidonge vya manjano ambavyo Tanzania Bara ilivifanya dawa ya kwanza ya malaria mwishoni mwa mwaka 2006 kwa jina la dawa mseto. Kwa mjamzito sharti lilikuwa kwamba miezi mitatu ya kwanza atumie kwinini, na dawa mseto baada ya hapo, hadi Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mwaka 2022 itumike hata katika miezi hiyo ya mwanzo. Hakuna mzee wa Kigogo aliyehitaji kuifahamu qi ili dawa hiyo imponye mkwewe.

Ngozi ilikwenda upande wa pili. Punda, ambaye Kiswahili cha bara humwita pia ndogowe, alikuwapo Ugogo tangu zama za misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na kulipa hongo kwa watemi wa Kigogo kwa ajili ya maji na njia. Misafara ilipokoma alibaki kuwa mnyama wa kazi za nyumbani, na katika vijiji ambavyo maji huchimbwa katika mchanga wa mito mikavu kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni kazi ya wanawake. Punda mmoja hubeba madumu manne ya lita 20, ambayo bila yeye yangekwenda kichwani, dumu moja kwa safari moja, pamoja na kuni na magunia ya kupeleka mashineni. Nyama yake hailiwi na wengi, naye hakuwa na bei ya kumshawishi mtu amuuze. Ni vigumu kuona, katika mazingira hayo, msaada wowote wa ujauzito uliokuwa karibu na mwanamke kuliko mnyama huyu, ingawa hakuna kitabu cha uzazi kinachomtaja.

Uchina ilikuwa na punda wapatao milioni 11 mwaka 1990, na katika muda usiofika miongo mitatu wakashuka chini ya milioni 3, kwa sababu matrekta yalichukua kazi yao na kwa sababu ejiao iligeuka kutoka dawa ya wagonjwa kuwa kitu cha anasa cha urembo na nguvu, jambo ambalo tamthilia ya televisheni ya mwaka 2011 kuhusu wake za mfalme ilisaidia kulitangaza. Wanunuzi waligeukia Afrika. Machinjio ya punda yakafunguliwa Dodoma na Shinyanga, kama yalivyofunguliwa Kenya huko Mogotio, Naivasha, Lodwar na Machakos. Mwaka 2017 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji huo, kazi ikarudi, kisha mwaka 2022 ikazuiwa tena, na Desemba ya mwaka huo mkutano wa bara zima kuhusu punda uliofanyika Dar es Salaam ukatoa tamko la kutaka biashara ya ngozi isimamishwe. Februari 2024, mjini Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliridhia kuisimamisha kwa miaka 15.

Hoja iliyowashinda wenye machinjio katika mijadala hiyo ilitoka kwa maofisa wa mifugo, wala haikuhusu thamani ya dawa. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa, mbuzi mitano. Punda jike huibeba takriban mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja, hivyo kasi ya kuchinja ilikuwa ikiupita uzazi wake.