Mvua, Deni na Karafuu za Unguja na Pemba

Mkarafuu hupenda mvua, na karafuu huichukia. Mti wenyewe haustawi ila katika nchi yenye maji maridhawa, na kwa hiyo Pemba, ambayo mawingu huimiminia zaidi kuliko Unguja, ikawa ndiyo makao yake makuu. Lakini tumba lake, ambalo hapana budi lichumwe kabla halijafunua ua, likishatengwa na makonyo huhitaji jua kali la siku nne au tano au sita mfululizo ili ligeuke rangi kutoka ule ukijani wenye wekundu hata kufikia kahawia, na ratili tatu zilizo mbichi ziwe ratili moja tu iliyo kavu. Mvua ikizikuta karafuu sakafuni, au zikirundikwa ndani zingali mbichi kwa kuikimbia, hushika joto, huvunda, hukunjamana na kufifia. Tajiri akizitia mkononi mara moja hujua zilivyolala, na bei yake huzungumzwa kwa namna nyingine kabisa. Tena zao hili halina subira ya kungoja kiangazi, kwa maana mavuno huja ama baada ya masika, anga likiwa bado halijatulia sawasawa, ama katika vuli yenyewe, ilhali tumba lililoachwa mtini siku chache zaidi hufunuka na kupoteza thamani yake.

Mwenye shamba, basi, alikuwa amenunua shaka mbili kwa fedha moja: kwanza hakujua mti utazaa kiasi gani, kwa sababu mikarafuu huzaa sana mwaka mmoja na kukaribia kukataa kabisa mwaka unaofuata, na pili, hata ulipozaa, hakujua jua litakuwapo. Nia yangu katika makala haya ni kuonyesha kwamba mvua peke yake haikumfilisi mtu, bali kilichomfilisi ni taratibu ya gharama zake, ambazo zilitangulia zote mbele ya jua, na kwa hivyo kulipiwa kwa mali ya mtu mwingine.

Mti huu, kwa mujibu wa mapokeo yaliyoenea, uliletwa na Saleh bin Haramil kutoka visiwa vilivyokuwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, mwanzoni mwa karne ya 19, na mashamba ya kwanza yakapandwa Mtoni na Kizimbani. Sayyid Said bin Sultan ndiye aliyeufanya kuwa mhimili wa dola, akawaamuru wenye ardhi wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Watu wakatii, na wengine wakazidisha kuliko walivyoamriwa. Na kabla Sayyid hajafariki mwaka 1856 karafuu zilikwisha kuwa nyingi hata bei zikaporomoka, na mashamba yakaanza kuwekwa rehani. Zama hizo aliyechuma, aliyechambua na aliyekesha akianua karafuu kila wingu lilipotanda alikuwa mtumwa, na mashaka yake hayakuandikwa katika daftari la mtu yeyote. Yafaa jambo hili lisemwe waziwazi, kwa sababu wapo wanaozitaja zama hizo kama kwamba kilimo cha karafuu kilikuwa na faida kwa tabia yake. Ukweli ni kwamba hasara ya siku ya mvua ilibebwa na watu ambao hawakulipwa hata siku ya jua.

Mwezi wa Aprili 1872 ikaja tufani ambayo mfano wake haukuwahi kukumbukwa. Ilipita juu ya Unguja ikavunja majahazi bandarini na kung'oa minazi, na katika kila mikarafuu mitatu ya kisiwa hicho ikaangusha kadiri ya miwili. Pemba, kwa majaaliwa, ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ukuu wa zao hili ukahamia huko. Bei zilipanda, naam, lakini bei ina faida gani kwa mtu ambaye miti yake imelala chini, na ambaye mche anaoupanda leo hautampa kitu ila baada ya miaka sita au minane? Katika muda huo wa kungoja wenye mashamba wengi wa Unguja walikwenda kwa wakopeshaji wa Kihindi, na hawakurudi kutoka huko kwa moyo wala kwa hati. Mwaka uliofuata tufani hiyo biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ikapigwa marufuku kwa mkataba, na mwaka 1897 utumwa wenyewe ukaondolewa nguvu ya sheria. Kwa hiyo kazi ambayo jana ilikuwa haina bei, leo ililipwa kwa pishi, kila jioni, fedha taslimu.

Palilio lilitakiwa kabla ya mavuno, kwani mchumaji hawezi kupita katika kichaka kukusanya tumba zilizoanguka. Kisha wakaja wachumaji, Wahadimu na Watumbatu wa visiwani na Wanyamwezi na wengine wa bara, wakakaa kambini na kutaka chakula na ujira, mvua inyeshe isinyeshe. Mwenye shamba alipata wapi fedha hizo, ilhali karafuu bado zimo mtini? Alizipata kwa mwenye duka, ambaye aghlabu alikuwa ndiye huyo huyo mnunuzi wa zao lake, na kwa sababu dini ya wenye mashamba imeharimisha riba muamala ukapitishwa katika njia iitwayo bei khiyari: mwenye shamba aliliuza shamba lake, akajiwekea khiyari ya kulikomboa katika muda uliotajwa, na katika muda huo akaendelea kukaa humo kama mpangaji, akilipa kodi ambayo kwa macho ya kila mwenye akili ilikuwa ni riba iliyovaa kanzu. Wengine waliuza mazao yao kabla hayajachumwa, kwa bei ambayo mnunuzi alikwisha kuipunguza kwa kuhofia mvua. Ikawa mvua isiponyesha faida ni ya mnunuzi, na ikinyesha deni hubaki kwa muuzaji. Juu ya hayo yote serikali ilichukua kwa miaka mingi sehemu moja katika nne ya karafuu zote kuwa ushuru, na zikachukuliwa karafuu zenyewe, si fedha.

Wala tusimfanye mkopeshaji kuwa adui wa hadithi. Yeye naye alinunua kwa uzani, na karafuu yenye unyevu huwa nzito siku ya kununuliwa na nyepesi baada ya kukaa ghalani, tofauti ikawa hasara yake. Na wauzaji walikuwapo waliolijua jambo hilo vizuri mno, wakazinyunyizia maji karafuu kavu usiku wa kuamkia soko. Wanunuzi wa Ulaya walilalamika, serikali ikaweka wakaguzi, na ukaguzi nao ukazaa fitina zake. Mwezi wa Februari 1936 Wamanga, yaani Waarabu waliotoka Omani, walioleta mjini mbata, ambazo nazo zilikuwa zikikaguliwa, wakakataliwa kwa kuambiwa kuwa hazijakauka kama sheria itakavyo, walipandwa na hasira hata ikawa ghasia iliyomwaga damu, na miongoni mwa waliouawa alikuwamo ofisa wa polisi. Watu kufa kwa ajili ya unyevu wa nazi! Lakini anayefahamu kwamba mtu yule alikuwa na deni linalomngoja, na kwamba kurudi na mzigo kuuanika tena ni siku nyingine za chakula cha kukopa, hataona ajabu.

Katika miaka ile bei ya karafuu ilikuwa imeanguka pamoja na bei za dunia nzima, na wakuu wa serikali ya Kiingereza wakaandika taarifa moja baada ya nyingine juu ya madeni ya wakulima. Nyingi katika hizo zilimlaumu Mwarabu mwenye shamba kwa israfu, harusi na uvivu. Mimi siikubali rai hii ila kwa sehemu ndogo: mtu mwekevu kuliko wote, mwenye zao linalozaa mwaka na kukataa mwaka, na lenye gharama zinazotangulia na jua lisiloamrishika, angeishia kwenye mlango ule ule wa mwenye duka.

Sheria za mwaka 1934 zilizuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie kwa wengine ila kwa idhini, zikasimamisha kwa muda kudaiwa kwa madeni, na Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichoundwa mwaka 1927, kikapewa uwezo mkubwa katika biashara. Wahindi waliona kwamba wamelengwa wao, na sheria ya mwaka 1937 ilipozidi kukipa chama hicho mamlaka juu ya ununuzi, wakagoma kununua. Bara Hindi nayo, kwa wito wa chama cha Congress, ikazisusia karafuu za Zanzibar hata mapatano ya mwezi wa Mei 1938. Baadaye madeni yakapimwa upya na kulipwa kwa mafungu. Bei ikapata mlinzi. Mvua haikupata.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 mashamba makubwa yalitaifishwa, wananchi wakagawiwa eka tatu tatu bila ya rehani juu yake, na ununuzi wote ukawa wa serikali, ambayo iliweka bei chini sana ya ile ya dunia, hata magendo ya kupeleka karafuu Mombasa yakawa ni riziki ya watu. Karafuu ziliendelea kupokewa kwa madaraja, na daraja huamuliwa kwanza kwa ukavu, kwa hiyo mkulima asiye na sakafu nzuri wala mahali pa kuanulia alipata kidogo katika bei ambayo tayari ilikuwa ndogo. Na ile mikarafuu iliyobaki mikononi mwa serikali ikawa inakodishwa kwa msimu, tumba zikiwa bado mtini: mkodishwaji hukadiria kwa macho, huahidi malipo, hukopa fedha za palilio na wachumaji, kisha huenda kununua majamvi.