Giya ya Distributa na Miaka ya Shida ya Spea Gonja

Mhariri ameniomba niandike jambo la historia kuhusu Gonja. Wenzangu wasomi wataandika habari za machifu na wamisionari. Mimi niliyetoka shuleni nikaingia gereji nitaandika habari za giya moja ndogo inayoenea kiganjani.

Wa rika langu mtakumbuka. Mwaka 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, na sisi tulizoea kupata spea kutoka Mombasa. Oktoba 1978 Idi Amin akaivamia Kagera. Mwaka uliofuata bei ya mafuta ikapanda duniani kote na fedha za kigeni zikawa haba. Land Rover zilizokuwapo ikabidi ziishi kwa hizo spea zilizokuwa ndani yake.

Katika injini ya petroli ya Land Rover ya lita 2.25, kamshafti huzungusha giya ya shafti iliyosimama wima. Juu yake hukaa distributa, chini yake pampu ya oili. Hapo ndipo wengi tulipopotea. Meno yakilika tuliilaumu distributa, nayo ni nyepesi kabisa! Mzigo uko chini, kwenye pampu. Oili ikiwa nzito kupita ilivyoagizwa, au pampu ikikwama kwa uchafu, wanaoumia ni meno yale.

Nilijifunza hayo kwa aibu mwaka 1980. Gari moja la hapa lilikuwa likikosa nguvu na kupiga mizinga kwenye ekzosi, taimingi haikutulia. Nikatoa giya katika injini kuukuu, nikaifunga, wala sikufungua pampu. Baada ya majuma machache, usiku, kati ya Kisiwani na Gonja, meno yakafyekwa. Moto wa plagi na oili vikakatika kwa pamoja. Ndani alikuwamo mama mjamzito akiletwa hospitali. Alijifungulia kando ya barabara kwa mwanga wa kurunzi. Salama, Mungu ashukuriwe, lakini mumewe hakunisemesha mpaka mavuno ya mwaka wa pili.

Kesho yake nilifungua pampu: mchanga mwekundu na chembe za chuma. Siku zile oili ilikuwa adimu hata tukiichuja kwa kitambaa na kuirudisha.

Tangu hapo hatukufunga giya kabla ya kuosha sampu, kufungua pampu na kuizungusha kwa mkono. Meno tuliyapaka oili, na pampu tukaijaza kabla ya kuwasha. Giya iliyolika hatukuioanisha na kamshafti mpya, maana hulana. Kila tulipobadilisha oili tulitoa distributa, tukashika shafti na kuitikisa huku na huku. Ikicheza sana, gari halikutoka.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, na mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa. Spea zikaja, na vijana wa gereji wakaanza tena kubadilisha giya bila kugusa pampu. Niliwagombeza bure.

Giya ile iliyofyekwa ninayo bado. Nitakuja nayo siku ya mkutano wetu, wanafunzi waishike.