Robo tatu ya nani? Hosipaipu iliyogoma Bungoma

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, mnisamehe wasomaji. Leo si habari za programu bali za maji, ingawa mtaona ugonjwa ni ule ule.

Shangazi yangu hapa Bungoma alihamisha mashine yake ya kufulia kutoka jikoni hadi veranda ya nyuma. Fundi akavuta paipu mpya na kufunga mfereji wa robo tatu. Hosipaipu ya mashine ikawa fupi. Bahati nzuri binamu yangu alikuwa ameleta ndefu kutoka Marekani, nayo pia ni robo tatu. Ikashika raundi mbili, ikagoma, maji yakaruka hadi karibu na soketi ya stima. Fundi akazungusha tepu nyeupe, yakavuja vile vile. Nilipochukua spana akanizuia: "Wacha nguvu, kijana. Mdomo wa mashine ni plastiki. Ukipasuka, utamweleza nini shangazi yako?"

Tatizo hili lina umri mkubwa. Zamani kila karakana ya Uingereza ilichonga skurubu kwa vipimo vyake. Mwaka 1841 Joseph Whitworth, aliyekuwa amekusanya skurubu za karakana nyingi na kutafuta wastani, alipendekeza kipimo kimoja, meno yakiwa na pembe ya nyuzi 55. Waingereza wakakifuata, na paipu zao zikaja nacho kwenye makoloni. Ndiyo maana mfereji wa Bungoma na wa Kampala huelewana.

Robo tatu hiyo ina meno 14 kwa inchi na upana wa nje wa milimita 26.4 hivi. Inchi robo tatu ni milimita 19 tu! Jina lilitokana na tundu la ndani la paipu za chuma za kale, likabaki. (Wanaprogramu, mnayajua majina ya namna hii.)

Marekani walikwenda njia yao. Mwaka 1864 William Sellers alisema nyuzi 55 ni ngumu kuchonga, akapendekeza 60. Hosipaipu yao ya robo tatu ina meno 11.5 kwa inchi na upana wa milimita 27. Tofauti ni ndogo kiasi cha kukudanganya, na huo ndio ubaya wake. Ingekuwa kubwa, tungejua mapema.

Hata wao kwa wao hawakuelewana. Baltimore ilipowaka moto tarehe 7 Februari 1904, wazima moto walifika kutoka miji mingine wakakuta hosipaipu zao nyingi hazishiki kwenye mifereji ya mji. Majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea.

Sisi tulinunua nyingine dukani mjini, yenye washa ya mpira ndani. Washa hiyo ndiyo huzuia maji, si tepu. Ikaingia kwa vidole hadi mwisho. Ile ya Marekani tuliikata ncha, tukaibana na klipu kwenye mfereji wa nje, na sasa inamwagilia sukuma wiki.